Bunduki za Gwaride na Imani ya Serikali kwa Askari: Kutoka Mto Nzoia hadi Lanet

Bunduki ya gwaride ina sura mbili. Machoni pa mtazamaji ni silaha kamili, yenye mtutu, kitako na singe inayometa juani, na ukakamavu wa askari aliyeibeba hupata uzito wake kwa sababu kila mtu uwanjani anaamini kwamba chombo hicho kinaweza kuua. Lakini katika majeshi mengi chombo hicho huwa kimeshapokonywa uwezo huo kabla hakijatolewa ghalani. Upokonyaji wenyewe una ngazi zake. Ngazi nyepesi ni kuitoa bunduki bila risasi na kumkagua kila askari asije akaficha moja mfukoni. Ngazi ya kati ni kuondoa komeo, yaani kile chuma kinachosogezwa nyuma na mbele ili kuingiza risasi kwenye mtutu, au kuondoa pini ya kufyatulia, ambayo ni sindano ndogo ya chuma inayogonga kitako cha risasi na kuwasha baruti. Ngazi ya mwisho ni kuiua bunduki moja kwa moja: ncha ya pini hukatwa na mtutu hutobolewa, kisha kinachobaki ni mwili wa bunduki usio na roho. Waingereza walizigonga silaha za namna hii herufi DP, kuonyesha kwamba ni za kufundishia gwaride tu, na mara nyingi wakazipaka michirizi ya rangi nyeupe ili zisichanganywe na zile zinazofyatuka.

Sababu inayotajwa kwanza ni usalama, nayo ni ya kweli, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika ndani ya mtutu inaweza kuua watu kwenye sherehe. Ipo sababu ya pili ambayo haitangazwi kwa kipaza sauti. Mtawala anayekagua gwaride hupita hatua chache tu mbele ya vijana wengi wenye silaha, na serikali inayoamua ni vijana wepi wabebe bunduki nzima na wepi wabebe bunduki tupu huwa imetamka, bila kufungua kinywa, kiasi cha imani iliyonayo kwa jeshi lake. Kwa hiyo historia ya bunduki tupu haiwezi kutenganishwa na historia ya imani hiyo, na katika Afrika Mashariki historia hiyo ina chimbuko lake moja katika nchi iliyo kati ya Mumias na Webuye, ambamo Navakholo imo.

Navakholo iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Kakamega, upande wa mto Nzoia, nayo ni nchi ya Abanyala, mojawapo ya jamii za Waluhya. Abanyala wa hapa huitwa Abanyala ba Ndombi, kutokana na jina la Ndombi wa Namusia, chifu aliyekuwa na nguvu nyingi chini ya ukoloni, na jina hilo huwatofautisha na ndugu zao waliobaki Busia. Kusini-magharibi kwao walikuwa Wawanga wa Nabongo Mumia, aliyerithi kiti mwaka 1882 na ambaye makao yake, Elureko, yalikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliokuja kutafuta pembe za ndovu. Kaskazini kwao, ng'ambo ya Nzoia, walikuwa Wabukusu, waliokaa ndani ya ngome zenye kuta za udongo na mahandaki. Bunduki ziliingia katika nchi hii kwa njia ya misafara hiyo, na kabla Mwingereza hajapandisha bendera yake Mumias, mizani ya nguvu kati ya majirani hawa ilikwisha kuanza kuelemea upande wa yule aliyekuwa na magobori mengi zaidi.

Mwaka 1894 serikali ya himaya ya Uganda, ambayo wakati huo ilitawala hadi sehemu hizi, ilimweka afisa wake Frederick Spire kwa Mumia pamoja na kikosi kidogo cha askari Wasudani. Baadhi ya askari hao walitoroka na bunduki zao, na bunduki hizo zikafika mikononi mwa Wabukusu. Jambo hili halikuwa wizi wa kawaida machoni pa serikali, kwa maana bunduki ya kisasa iliyotoka ghalani mwake ilikuwa imevuka mpaka kutoka kwa wale ilioamini kuwa wake hadi kwa wale ilioamini kuwa wapinzani wake. Kikosi kilichotumwa kuzirudisha kiliangamizwa. Charles William Hobley, aliyechukua madaraka ya Mumias mwaka 1895, aliichukulia bunduki iliyopotea kuwa deni ambalo serikali haingeweza kulisamehe na ikaendelea kuitwa serikali, na mnamo Agosti mwaka huo jeshi la Wasudani, likisaidiwa na Waganda na wapiganaji wengine wa jirani na likiwa na bombomu aina ya Maxim, lilivunja ngome ya Lumboka na kuwafuata Wabukusu hadi Chetambe, kwenye kilima kilicho karibu na Webuye ya leo. Watu wengi waliuawa huko, na Wabukusu wangali wanakitaja kilima hicho kwa uchungu. Ni haki kusema kwamba damu ya Chetambe ilitokana, kwa sehemu kubwa, na utoro wa askari wa serikali yenyewe: serikali ilishindwa kuwashika watu wake, kisha ikawalipisha majirani.

Miaka miwili tu baadaye, Wasudani walewale walioipigania serikali walikuja kuigeukia. Septemba 1897, askari waliopewa Meja James Macdonald kwa safari ya kaskazini waligoma kule Eldama Ravine. Malalamiko yao yalikuwa ya wazi: walikuwa wamechoshwa na misafara isiyokwisha, walitakiwa kuwaacha wake zao, na mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko hata wa wapagazi. Waliondoka na bunduki zao, wakapitia Nandi na kuelekea Busoga, wakaishika ngome ya Lubwa kando ya Ziwa Victoria. Meja Thruston, ambaye aliwaongoza na kuwajua, alikwenda huko akiamini kwamba uwepo wake ungewatuliza; walimkamata, na mwezi wa Oktoba wakamwua pamoja na Waingereza wengine wawili. Wasudani wa Kampala, ambao hawakuwa wameasi, walinyang'anywa silaha kwa hofu kwamba wangewaunga mkono wenzao. Hapa pana mafunzo mawili yanayovutana, na serikali ya kikoloni ililichukua moja zaidi ya jingine. Ilipandisha mishahara, ndiyo, lakini ilileta pia askari kutoka India wakae Uganda, ili kila kikosi kiwe na kikosi kingine cha kukitazama.

Mbinu ya kumtazama askari kwa jicho la pili haikubuniwa Uganda. Baada ya maasi makubwa ya India ya mwaka 1857, Waingereza waliwanyang'anya askari wa Kihindi karibu mizinga yote na kuikabidhi kwa Wazungu, kisha wakawapa bunduki zilizofanana kwa umbo na zile za askari Waingereza lakini ambazo mitutu yake ilikuwa laini ndani. Mtutu wenye mifereji iliyojipinda huizungusha risasi na kuifanya iende mbali bila kuyumba, ilhali mtutu laini huirusha bila shabaha ya mbali. Kwa macho ya mpita njia, askari wa Kihindi na wa Kiingereza walibeba silaha moja, ila uwanja wa vita ungefichua tofauti iliyofichwa ndani ya chuma. Mawazo hayo hayo yalitoa, baada ya vita vya kwanza vya dunia, ile bunduki ya kampuni ya Greener iliyotengenezwa kwa ajili ya walinzi wa vijiji vya Misri, ambayo ilihitaji risasi ya umbo la pekee ili mlinzi akiibiwa au akiasi asipate sokoni risasi za kuitumia. Bunduki yenye hila ndani yake ni aina ya barua ambayo mtawala humwandikia askari wake bila kumtajia yaliyomo.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya, na lugha iliyounganisha askari wake ikawa Kiswahili. Katika mwaka huohuo Jimbo la Mashariki la Uganda, Mumias na Navakholo zikiwemo, likahamishiwa upande wa Kenya. Mwaka 1920 boma lenyewe likatoka Mumias kwenda Kakamega. Ndani ya Keya hila haikuwekwa kwenye mtutu, kwa kuwa askari wa jeshi hili walipigana vita vya kweli, dhidi ya Wajerumani Tanganyika na baadaye dhidi ya Wajapani huko Burma. Hila iliwekwa kwenye kufuli. Bunduki zilikaa katika ghala la silaha, zikifungwa kwa minyororo, na ufunguo ulikuwa wa afisa, na maafisa walikuwa Wazungu watupu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Askari aliaminiwa na bunduki mchana na kunyimwa usiku. Vijijini, chifu kama wa Navakholo alikuwa na polisi wa kikabila, ambao watu waliwaita askari kanga, na kwa mwananchi wa kawaida hao ndio waliokuwa sura ya serikali: siku ya baraza walisimama pembeni mwa chifu, na heshima yao ilitegemea zaidi sare na utii wa wasikilizaji kuliko silaha yoyote.

Kwa mfumo huo huo wa ghala na ufunguo nchi tatu za Afrika Mashariki ziliingia katika uhuru, na Januari 1964 mfumo ulishindwa katika zote tatu ndani ya siku tano. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maafisa wao Waingereza na kulishika jiji la Dar es Salaam; kikosi cha pili cha Tabora kikafuata. Mshahara wa askari ulikuwa shilingi 105 kwa mwezi, nao walidai 260, na pamoja na fedha walidai maafisa wazalendo, kwa kuwa walikuwa wameona bendera ikibadilishwa na wimbo ukibadilishwa huku aliyeshika ufunguo wa ghala akibaki yuleyule. Tarehe 23 kambi ya Jinja nchini Uganda iliasi, na waziri Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza na askari, akashikiliwa humo. Jioni ya tarehe 24, kikosi cha 11 cha Kenya Rifles kilichokuwa Lanet, karibu na Nakuru, kilivunja ghala la silaha. Nchi ya Kenya ilikuwa na umri wa siku 43.

Inafaa kuitazama Lanet kwa makini zaidi, kwa sababu ghala lake lilikuwa limefungwa sawasawa. Hakuna aliyesahau kufuli, wala hakuna aliyezembea katika kuhesabu risasi. Askari walikuwa wakitarajia kwamba Waziri Mkuu Jomo Kenyatta angezungumzia hali yao katika hotuba iliyotangazwa siku hiyo, na waliposikia kwamba hakuligusa jambo hilo, mlango wa chuma uliotegemewa kuwazuia haukuzuia chochote. Wapiga mizinga wa Kiingereza waliokuwa karibu waliingia kambini, wakarushiana risasi na waasi, askari mmoja wa Kenya akafa, na kwa siku nzima iliyofuata majadiliano na vitisho vilipokezana hadi waasi waliposalimisha silaha zao. Siku hiyohiyo, tarehe 25, wanamaji wa Kiingereza kutoka manowari ya Centaur walitua kwa helikopta Colito na kuwanyang'anya askari silaha, na huko Jinja Waingereza walilizingira ghala la kambi alfajiri. Viongozi watatu waliokuwa wamepigania uhuru walilazimika kumwita mkoloni wa jana ili awatoe bunduki mikononi mwa vijana wao wenyewe. Aibu hiyo waliisikia wote, na Mwalimu Nyerere wa Tanganyika hakuificha.

Kila mmoja aliijibu kwa njia yake, na majibu hayo yana uzito kuliko maasi yenyewe. Tanganyika ilivunja jeshi lote, ikaishi kwa miezi kadhaa chini ya ulinzi wa kikosi kilichoazimwa kutoka Nigeria, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaunda Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake waliandikishwa kwa kuzingatia uzalendo wao na kufungamanishwa na chama tawala. Nyerere aliona kwamba bunduki haiwezi kuwa salama mikononi mwa mtu asiyejiona kuwa sehemu ya nchi. Uganda iliwapa askari wa Jinja mishahara waliyoidai, ikaongeza ukubwa wa jeshi na vyeo vya maafisa kama Idi Amin, na kwa kufanya hivyo ikawafundisha askari kwamba silaha ni njia ya kupata. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu Waingereza walipolizingira ghala la Jinja, Amin aliuchukua utawala wenyewe. Kenya ilikivunja kikosi cha 11, ikawapeleka wahusika mbele ya mahakama ya kijeshi, ikauendeleza uhusiano wa kijeshi na Uingereza, na ikategemea pia polisi wa General Service Unit, kikosi kilichoanzishwa wakati wa ukoloni, kama jicho la pili juu ya jeshi. Ilikuwa ni hekima ileile iliyofuata maasi ya Wasudani, kikosi kimoja kukitazama kingine, ila sasa wote walikuwa Wakenya.

Ulimwengu uligundua upungufu wa bunduki tupu katika miaka ya themanini, na mara mbili gwaride ndilo lililokuwa jukwaa. Tarehe 6 Oktoba 1981, mjini Cairo, Rais Anwar Sadat alikuwa akitazama gwaride la ushindi ambalo kanuni yake ilikataza risasi za moto, lakini Luteni Khalid Islambouli na wenzake waliziingiza kwa siri, wakashuka kutoka kwenye lori lao na kumwua jukwaani. Mwanzoni wengi walidhani ni sehemu ya maonyesho, na hilo lilitokana na kanuni yenyewe: mtu aliyehakikishiwa kwamba bunduki ni tupu huchelewa kuamini mlio wake. Tarehe 30 Julai 1987, mjini Colombo, Waziri Mkuu wa India Rajiv Gandhi alikuwa akikagua gwaride la heshima la wanamaji wa Sri Lanka wakati mmoja wao alipoigeuza bunduki yake na kumpiga kwa kitako. Gandhi aliinama na pigo likampata begani. Bunduki isiyo na risasi ilirudi kuwa rungu, silaha ambayo hakuna fundi awezaye kuiondolea pini.

Kati ya matukio hayo mawili Kenya ilipata jaribio lake. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliishika sauti ya redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Kule Nanyuki marubani Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza waliamriwa kwa mtutu wa bunduki wapande ndege na kwenda kuilipua Ikulu na makao makuu ya General Service Unit. Ndege zilikuwa nzima na mabomu yalikuwa ya kweli, hakuna pini iliyoondolewa wala kifyatulio kilichofungwa. Marubani walipofika angani walizipindua ndege kwa ukali hadi aliyewasimamia akalewa mwendo, wakayaangusha mabomu msituni, kwenye Mlima Kenya. Jeshi la nchi kavu liliyazima maasi siku hiyohiyo, Jeshi la Anga likavunjwa, na kwa zaidi ya miaka kumi lililochukua nafasi yake liliitwa '82 Air Force, jina lililobeba mwaka wa kosa mbele ya kila mtu. Katika historia yote iliyosimuliwa hapa, ni vigumu kutaja kufuli au ghala lililoilinda serikali kama walivyoilinda watu hao watatu, waliokuwa na uwezo kamili wa kuua na wakakataa kuutumia.

Katiba ya mwaka 2010 iliyaweka mahusiano haya kwenye maandishi: kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia, na kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Taifa kabla majeshi hayajatumwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi yenye ghasia. Ufunguo wa ghala ulihama kutoka mfuko wa afisa mmoja kwenda kwenye karatasi inayoweza kujadiliwa, na askari anayesimama uwanjani sasa huapa kuitii katiba. Tarehe 20 Oktoba 2018 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega, na kwa watu wa Navakholo, walio umbali mfupi kwa matatu, gwaride la jeshi la taifa lilikuja karibu na nyumbani, katika nchi ambayo miaka 123 kabla ya hapo bunduki zilizotoroka na askari wake zilileta maangamizi ya Lumboka na Chetambe. Na kila mwaka, maafisa wapya wa majeshi ya Kenya hupokea vyeo vyao kutoka kwa Rais katika chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, ambapo Amiri Jeshi Mkuu hutembea taratibu mbele ya safu zenye bunduki, katika mji uleule ambao mwezi wa pili wa uhuru ulivunjiwa mlango wa ghala.